Ukiona pweza sokoni usiseme bamvua: miaka ya kufundisha "kama hivi basi vile" hapa Tanga

Nafundisha tuisheni ya hesabu za advansi hapa Ngamiani, jioni baada ya alasiri mpaka karibu na isha, wanafunzi wangu wengi ni fomu faivu na siksi wa PCM (fizikia, kemia na hesabu) na EGM (uchumi, jiografia na hesabu), na katika mada zote za fomu faivu hakuna ninayoipenda kama lojiki na hakuna inayowakorofisha wao kama hiyohiyo. Trigonometri wanalalamika lakini wanakwenda. Kwenye lojiki "na" haina shida, "sio" haina shida, "au" wanabishana dakika tano yanaisha. Balaa ni pale kwenye mshale, yaani kondishino, ile sentensi ya kama P basi Q, P na Q zikiwa sentensi zozote mbili.

Jedwali lake la ukweli lina mistari minne. P kweli na Q kweli, sentensi nzima kweli. P kweli na Q uongo, sentensi uongo. Mpaka hapo wote tupo pamoja. Alafu inakuja P uongo na Q kweli, jibu kweli, na P uongo na Q uongo, jibu kweli tena, na hapo kila mwaka lazima mtu anyooshe mkono aseme mwalimu hii haiingii akilini. Wanachofanya wengi ni kukariri. Wanalibeba jedwali kutoka kwenye desa mpaka kwenye karatasi ya mtihani, maksi wanapata, lakini ukimgeuzia swali kidogo tu kapotea, kwa sababu hajawahi kuamini kile anachokiandika.

Mi kwa hili nina msimamo na nausema wazi. Jedwali lisitangulie. Kwanza mtoto aelewe kwamba kondishino ni ahadi, na ahadi ina sehemu moja tu ya kuikagulia, pale inapoweza kuvunjwa. Akishalishika hilo jedwali analijaza mwenyewe, na tena mambo mengi ya nje ya darasa yanaanza kumkalia vizuri, kuanzia meseji za hela kwenye simu mpaka katiba ya kikoba cha mama yake.

Naanzaga hivi. Mama kamwambia mwanae wa fomu foo, ukipata divisheni wani nakununulia simu. Matokeo yametoka. Mtoto kapata wani na simu kanunuliwa, mama mkweli. Kapata wani na simu hakuna, mama kavunja ahadi na mtoto ana haki ya kununa. Kapata divisheni tuu, yaani ya pili, na simu hakuna, nani atamlaumu mama? Sasa kapata divisheni tuu, lakini mjomba wake kaja na hela kutoka Dar, mama kaona basi mtoto kajitahidi, kamnunulia simu. Hapo nawauliza darasa, mama kasema uongo? Kunakuwa na kimya kidogo alafu mmoja anasema, hakusema uongo mwalimu, si alitaja wani tu, tuu hakuizungumzia kabisa. Ndo hapohapo. Hakuizungumzia. Kwenye divisheni tuu mama yupo huru kununua au kutonunua, ahadi yake haiguswi na lolote.

Kuna binti mmoja wa Makorora aliwahi kunibana vizuri sana. Akasema sawa mwalimu, ahadi haijavunjwa, ila kutovunja ahadi na kusema kweli ni vitu viwili. Nililipenda swali lile na nalipenda mpaka leo, kwa sababu mtu anayeuliza hivyo kashaielewa mada anatafuta msingi wake. Nikamjibu kwa namba. Chukua sentensi hii, kama namba inagawanyika kwa 4 basi inagawanyika kwa 2. Ni kweli kwa namba zote au sio? Wote wakakubali ni kweli kwa namba zote. Haya weka 8, inagawanyika kwa 4 na kwa 2, kweli na kweli. Weka 6, kwa 4 haigawanyiki, kwa 2 inagawanyika, uongo na kweli. Weka 7, haigawanyiki kwa 4 wala kwa 2, uongo na uongo. Sasa ukisema ile mistari miwili ya chini jibu lake ni uongo, maana yake sentensi uliyokubali kwamba ni kweli kwa namba zote imegeuka uongo ukifika kwenye 6 na ukifika kwenye 7. Kitu ambacho hutakipata hata utafute mpaka kesho ni namba inayogawanyika kwa 4 ikakataa kwa 2, na huo ndo mstari mmoja tu tunaoupiga alama ya uongo. Binti akaandika, akaangalia tena, akasema haya nimekubali.

Na mabishano haya sio ya Ngamiani peke yetu. Wagiriki walishayabishania kama miaka 2300 iliyopita. Philo wa Megara alisema hivihivi tunavyofundisha leo, kondishino ni uongo pale tu inapoanza na kweli ikaishia kwenye uongo, kwingine kote iko sawa. Mwalimu wake Diodorus Cronus akakataa, akataka iwe haiwezekani kabisa, sasa wala wakati mwingine wowote, kuanza na kweli na kuishia na uongo. Mfano wao ulikuwa "kama ni mchana, basi naongea." Kwa Philo ukiisema mchana huku unaongea umesema kweli, kwa Diodorus hapana, kwa sababu unaweza ukanyamaza na mchana bado upo. Ugomvi ukawa mkubwa mpaka mshairi Callimachus akaandika kwamba hata kunguru juu ya mapaa wanalia wakiuliza kondishino ipi ni ya kweli. Wanafunzi hiyo wanaipenda sana maana kunguru kwenye mabati hapa Tanga ni kelele za kila siku, hawa wenye shingo ya kijivu ambao asili yao India na walifikishwa Zanzibar mwisho wa miaka ya 1800. Mi mwenyewe naona Diodorus alikuwa na hoja nzito, kwenye maongezi ya kawaida tunapotamka "kama" tunataka kuwe na uhusiano kati ya jambo la kwanza na la pili. Ila kwa hesabu Philo ndo anatufaa, na mwanahesabu wa Kijerumani Frege alipoijenga lojiki upya mwaka 1879 alikwenda na maana ya Philo. Yale majedwali yenyewe ya kweli na uongo yalienea baada ya 1921, mwaka ambao mwanafalsafa Wittgenstein na mwanahesabu Emil Post kila mtu aliyatoa kivyake.

Sasa kuna jaribio la kadi ambalo lazima nilifanye kila mwaka. Lilibuniwa na mwanasaikolojia wa London anaitwa Peter Wason, 1966. Kadi nne mezani, kila moja ina herufi upande mmoja na namba upande wa pili, unachokiona juu ni E, K, 4 na 7. Kanuni: kama upande mmoja kuna vaweli (irabu) basi upande wa pili kuna namba shufwa. Geuza kadi zile tu ambazo ni lazima ili ujue kama kanuni imefuatwa. Jaribu mwenyewe kabla hujaendelea kusoma.

Wengi wanageuza E na 4, wengine E peke yake. Jibu ni E na 7. Kadi ya 4 haina kazi maana hata ukikuta K nyuma yake kanuni haijavunjwa, kanuni haikusema namba shufwa ni za vaweli tu. Ila ile 7 ukiigeuza ukakuta A, kanuni imekufa palepale. Kwenye jaribio la Wason waliopatia hawakufika hata mmoja kati ya kumi, na hao walikuwa watu wa chuo kikuu, kwaiyo mwanafunzi wangu akikosa namwambia asijisikie vibaya.

Alafu bila kupumzika nawapandisha kwenye daladala ya Pongwe. Konda anayo kanuni yake, abiria akilipa nauli ya mwanafunzi basi awe amevaa sare. Gari limejaa. Wa kwanza yuko siti ya nyuma haonekani, hela yake imepitishwa mkono kwa mkono, ni nauli ya mwanafunzi. Wa pili naye wa nyuma haonekani, kapitisha nauli ya mtu mzima. Wa tatu kasimama mlangoni na sare, hela bado kaifumbata. Wa nne kasimama na jinzi na tisheti, naye kafumbata. Konda amkague nani? Hapo darasa zima linaropoka kwa pamoja, wa kwanza na wa nne! Mbona hamjanitajia mwenye sare? Wa nini mwalimu, huyo alipe nauli yoyote hana kosa, na aliyelipa ya mtu mzima mwache apumzike. Mwenye jinzi ndo uangalie anatoa ngapi.

Ni swali lilelile. Nauli ya mwanafunzi ni E, nauli ya mtu mzima ni K, sare ni 4, jinzi ni 7. Nawaandikia ubaoni moja chini ya nyingine na unaona nyuso zinavyobadilika. Kule Florida mwaka 1982 wanasaikolojia Griggs na Cox walifanya kitu kama hiki, wakaweka kanuni ya bia na umri wa miaka 19 badala ya herufi, na waliopatia wakawa karibu robo tatu. Wataalamu wanabishana kwa nini, Leda Cosmides aliandika 1989 kwamba akili ya binadamu iko macho kwenye kumnasa mtu anayekula faida bila kutimiza sharti, wengine wana maelezo mengine. Mi nipo karibu na Cosmides kwa niliyoyaona darasani. Mtoto wa Tanga anajua kontrapozitivu, yaani kama hana sare basi asilipe nauli ya mwanafunzi, toka anaanza kupanda daladala, kazi yetu walimu ni kumuonesha kwamba anaijua.

Kutoka hapo ndo naingia kwenye kugeuza sentensi, na hapa ndo kwenye hatari halisi ya maisha. Ukiwa na "kama P basi Q" unaweza kuigeuza njia tatu. Kama Q basi P, hiyo konvesi. Kama sio P basi sio Q, hiyo invesi. Kama sio Q basi sio P, hiyo kontrapozitivu. Ya mwisho peke yake ndo inasema kitu kilekile na ya mwanzo. Konvesi na invesi zinasema kitu kingine, na zenyewe zinakwenda pamoja, ikiwa kweli moja na nyingine kweli, ikianguka moja na nyingine imeanguka.

Mfano wangu wa hili niliupata ufukweni kwa mama mmoja muuza pweza. Wasio wa pwani niwaeleze kwanza. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu tunapata bamvua, maji yanajaa sana na yanakupwa sana, yanavuta mpaka mwamba unabaki nje, na akina mama wanateremka kwa miguu na vyuma vyao kuchokoa pweza kwenye matundu. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo, mwamba haukauki vya kutosha. Kwaiyo tunayo kondishino yetu nzuri, bamvua likishika, pweza wanakuja sokoni. Siku hiyo nikakuta beseni limejaa, wakubwa wale wa kilo mbilimbili, ngozi bado inateleza, na mama anawapiga mmoja mmoja kwenye jiwe walainike. Nikamwambia shikamoo mama, naona bamvua limeshika. Akaitikia marahaba, akaniangalia, akasema, "Bamvua wapi mwanangu, mwezi ndo kwanza nusu huo. Hawa wa wapiga mbizi hawa." Akaendelea kupiga alafu akaongeza, "Bamvua likija ntakuwa na pweza. Nikiwa na pweza usiniulize bamvua, niulize kaletwa na nani."

Hiyo naandika ubaoni kila mwaka kama alivyosema. Pweza wana njia zaidi ya moja za kufika sokoni, ndo maana kutoka kwenye pweza huwezi kurudi kwenye bamvua. Na kusema "sio bamvua kwaiyo hakuna pweza" ni kosa lilelile limevaa nguo nyingine, wapiga mbizi hawasubiri mwamba ukauke. Kinachosimama ni kontrapozitivu, ukikuta hakuna pweza hata mmoja sokoni basi leo sio bamvua. Na hata hapo unatakiwa uangalie ile sentensi ya mwanzo kama imeshiba masharti, maana upepo wa kusi ukichachamaa bahari haiendeki, na kuna sehemu za pwani yetu mwamba unafungwa miezi kadhaa pweza wakue, kwaiyo bamvua linaweza kushika na beseni likabaki tupu. Mwanafunzi aliyeniambia hilo la kufungwa mwamba nilimpa maksi, alikuwa anaangalia mstari wa pili wa jedwali bila kuambiwa.

Sasa meseji za hela. Hii naiongelea kwa uchungu kabisa kwa sababu nimeona watu wanalia. Kondishino ya kweli ni hii, hela ikiingia kwenye simu yako meseji inakuja. Matapeli wanaishi kwenye konvesi yake. Wanaandika meseji inayofanana na ya kweli, jina, kiasi, namba ya muamala, alafu wanapiga, samahani nimekosea namba nimekutumia laki na nusu naomba unirudishie nipo hospitali na mgonjwa. Mtu anaona meseji anasema meseji imekuja kwaiyo hela imeingia, anatuma hela yake mwenyewe. Meseji mtu yeyote anaweza kuiandika, kama pweza tu, ina njia zaidi ya moja za kukufikia. Ninachowaambia wanafunzi wakawaambie nyumbani, uliza ni kitu gani kinatokea hela ikiingia na hakitokei isipoingia. Ni salio kuongezeka. Angalia salio lako kabla hujajibu simu ya mtu. Wengi wanaotapeliwa sio wajinga, wamepelekeshwa haraka mpaka mshale umegeuka kichwani bila wao kujua.

Na homa vilevile. Huku pwani mtu akipata homa anasema malaria hii, anakwenda duka la dawa ananunua dawa mseto anameza, kwa kuwa anajua mwenye malaria anapata homa. Lakini homa inaletwa na vitu vingi, dengue ipo, taifodi ipo, mkojo mchafu upo, mafua makali yapo. Kuna mtu wa karibu yangu alikaa siku kadhaa anameza dawa za malaria ambayo hakuwa nayo, alipopimwa kile kipimo cha haraka cha tone la damu hakikuonesha kitu, shida ilikuwa kwenye mkojo. Na ukichimba zaidi utakuta hata mshale wa kwanza haujakamilika, wapo watu, hasa waliokulia kwenye malaria, wana vimelea kwenye damu na homa hawana. Kwaiyo homa na malaria mshale haujasimama sawasawa upande wowote, ndo maana tunaambiwa tupime kwanza.

Ndo sasa tunafika kwenye baikondishino, mshale wenye vichwa viwili, ikiwa na ikiwa tu. Jedwali lake jepesi, ni kweli pale pande zote mbili zinapofanana, zote kweli au zote uongo. Ila nawaambia wasiridhike na jedwali, waone kwamba hizi ni ahadi mbili zimefungwa kamba moja, na kila moja inadai uthibitisho wake. Namba inagawanyika kwa 3 ikiwa na ikiwa tu jumla ya tarakimu zake inagawanyika kwa 3. Chukua 741, 7 na 4 na 1 ni 12, basi 741 inagawanyika. Chukua 742, jumla 13, haigawanyiki na huna haja ya kujaribu. Unaona uzuri wake, jibu likiwa ndio inakusaidia na likiwa hapana inakusaidia. Kondishino ya mshale mmoja haikupi hiyo raha, ndo maana ile ya 4 na 2 ukiambiwa namba inagawanyika kwa 2 hujui bado kama 4 itakubali.

Mafundi ujenzi wanaitumia kila siku. Nenda kaangalie mtu anaseti msingi huko Kange au Pongwe, ana kamba na vigingi, anapima kwenye kona sentimita 60 upande mmoja, 80 upande wa pili, alafu anapima kukatisha. Ikisoma 100 kona imekaa mraba, anafunga. Ikisoma 98 au 103 anasogeza kigingi. Shuleni tumefundishwa kwamba pembe ikiwa mraba basi mraba wa upande mrefu ni jumla ya miraba ya zile mbili, hiyo ni ya Pythagoras, na Mgiriki Euclid kaiweka namba 47 kwenye kitabu cha kwanza cha Elements, maandiko yake ya jiometri. Lakini fundi hajui bado kama pembe ni mraba, hicho ndo anachokitafuta, kwaiyo anaposoma 100 akafunga anatumia konvesi, na Euclid alijua kwamba hiyo inahitaji uthibitisho wake peke yake, akaiweka namba 48, inayofuata hapohapo. Anaposoma 103 akasogeza kigingi anatumia kontrapozitivu ya 47. Fundi mmoja, kamba moja, pande zote mbili za mshale. Wanafunzi wengi wa fomu siksi wanajua 47 vizuri na hawajawahi kuambiwa kwamba 48 ipo, na hilo linaniuma, kwa sababu ndo mfano bora kuliko yote wa kwa nini "ikiwa na ikiwa tu" lazima uthibitishe mara mbili.

La mwisho ni la kikoba. Akina mama wa mtaani kwetu wana kikoba chao, sanduku la kufuli tatu, hisa, mfuko wa jamii, faini za kuchelewa, kila kitu, na kwenye katiba yao kulikuwa na kipengele kinasema mwanachama atapata mkopo pale tu anapokuwa na hisa zisizopungua kiasi fulani na hana deni. Ukatokea mtafaruku. Mama mmoja hisa anazo, deni hana, kaomba mkopo kanyimwa. Akasimama kwenye kikao akasema katiba inasema mwenye hisa na asiye na deni anapata, mmenionea. Wengine wakamuunga mkono, wengine wakasema kamati ina haki yake. Mwenyekiti akanitumia mtu, mwalimu njoo utusomee hiki kipengele.

Nikakisoma. "Pale tu" inakwenda upande mmoja, ukiona mtu kapewa mkopo ujue hisa anazo na deni hana. Haikuahidi kwamba kila mwenye hisa atapewa. Kwa maandishi kamati haikuvunja kitu. Lakini nikawaambia vilevile kwamba mama huyu hana kosa kuelewa alivyoelewa, kwenye maongezi yetu ya kawaida mtu akikwambia sharti unategemea ukilitimiza unapata, na kama kikundi kilikuwa na masharti mengine kichwani kilitakiwa kiyaandike. Nikapendekeza wabadilishe waandike atapata mkopo ikiwa na ikiwa tu ana hisa hizo na hana deni, mambo yaishe.

Mweka hazina akakataa palepale. Ni mama wa makamo anauza vitenge Mgandini, hajasoma lojiki, akasema, "Mwalimu, ukituandikia hivyo, siku mwenye hisa zote kaja na sanduku limekauka, si tutakuwa tumevunja katiba?" Na ni kweli kabisa. Mshale wa pili ungewafunga kutoa hela ambayo haipo, mstari wa pili wa jedwali ungewangoja hapo. Tukakaa mpaka magharibi tunatafuta kila kitu ambacho kamati inakiangalia kabla ya kutoa mkopo. Hisa, deni, wadhamini wawili kutoka ndani ya kikundi, kiasi kisichozidi mara tatu ya hisa zake, na hela iwepo sandukuni siku hiyo. Baada ya hapo mweka hazina akasema sasa andika hiyo ikiwa na ikiwa tu yako. Ikaandikwa, na chini yake wakaongeza sentensi moja kwamba mwombaji akinyimwa, kamati itamwambia mbele ya kikao ni sharti gani kati ya hayo matano halijatimia. Yule mama akauliza la kwake lilikuwa lipi. Wakamwambia wadhamini, alikuwa na mmoja. Kikao kilichofuata akaja na wa pili akapewa.